Mnadi wa Jimbo Lililofutwa

Watu wa vitabu watakuambia jimbo letu la uchaguzi lilikuwa perefegitura, yaani mkoa, wa Kigali, na watakufungulia ramani wakuonyeshe mipaka. Mimi niliyeishi ndani yake nasema lilifika pale sauti ya Révérien ilipofika, na sauti hiyo ilifika mbali. Cherehani yangu ilikuwa katika uchochoro mmoja wa Gitega, kwenye ule mteremko wa nyumba zilizobanana chini ya mji, na nyumba yake ilikuwa hatua ishirini juu ya yangu. Akipiga chafya kwake, mimi huku nilijichoma sindano.

Jina lake kamili lilikuwa Ntakirutimana Révérien, mnadi wa mitumba sokoni. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, magoti yaliyotokeza. Nilikuwa nikimtania kwamba Mungu alimpa mwili wa mbuzi, kisha akakosea akamtia sauti ya fahali. Yeye alicheka. Mkewe Athanasie hakucheka, maana ndiye aliyelala karibu na hiyo sauti.

Mwishoni mwa mwaka 1988 tukaambiwa tuchague wabunge. Chama kilikuwa kimoja tu nchi nzima, na kwa kila kiti waliletwa wagombea wawili, wote wa chama hichohicho. Ni kama mwenye hoteli akuulize unataka maharage au unataka maharage. Lakini kupiga kura ilikuwa lazima, na watu wa komini, serikali ya mtaa, hawakutaka aibu ya mtaa uliojifungia ndani. Wakamwajiri Révérien atuite.

Walimpa kipaza sauti cha mkononi na orodha ya wapiga kura. Alishuka uchochoro asubuhi, karani mmoja nyuma yake, akisoma majina kama yalivyoandikwa, jina la Kinyarwanda mbele na la ubatizo nyuma: Mukandayisenga Cécile! Aliyeitwa alitoka mpaka barabarani, kadi ya utambulisho ameishika kifuani, picha ikitazama nje, akasimama kimya mpaka karani aweke alama. Kadi hiyo kila mtu mzima alitembea nayo. Ilikuwa na picha, jina, na mstari wa kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa.

Sasa sikiliza tulivyozoea. Likisikika jina la kwanza, milango yote ya uchochoro ilifunguka, kwa sababu jina la pili lingeweza kuwa lako, na aliyechelewa aliandikwa na nyumbakumi, mzee wa nyumba kumi kumi. Hatukungoja kuitwa. Tulipanga mstari wenyewe, kadi kifuani, kama watoto wa shule siku ya kukaguliwa kucha. Tulikuwa hodari sana kwa jambo hilo, na leo nikilikumbuka nasikia hasira.

Uchaguzi ulipita. Mbunge wetu alikwenda kukaa bungeni ng'ambo ya bonde na hatukumwona tena, lakini kipaza sauti kilibaki kwa Révérien. Kazi ya umma ya Jumamosi, aliita yeye. Chanjo ya watoto, aliita yeye. Mwaka 1990 mji ukatengwa na perefegitura, ukawa perefegitura peke yake, na hakuna aliyekuja kutueleza mbunge wetu sasa ni wa nani. Jimbo lilikuwa limekatwa vipande na sisi bado tulikuwa tunatoka na kadi.

Oktoba mwaka huohuo vita na waasi wa Kitutsi vikaanza mpakani mwa Uganda. Siku chache baadaye tulisikia bunduki mjini kwetu, na kulipokucha askari walikuja na Révérien. Walimwambia ni hesabu ya watu tu, serikali inataka kujua nani yupo na nani mgeni. Naye aliamini, na mimi niliamini, kwa sababu tulikuwa tunahesabiwa kila mara. Aliita jina la kwanza tukatoka wote. Askari walipita wakisoma kadi, na wanaume kumi na mmoja walioandikwa Mtutsi walipandishwa lori wakapelekwa uwanja wa mpira kule Nyamirambo. Mmoja wao alikuwa Jean-Berchmans, mwalimu, mume wa Cécile.

Cécile alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa mwanamke mpole, mfuaji wa nguo za watu, mwenye watoto wawili. Kufika Krismasi wanaume saba walikuwa wamerudi, vichwa vimenyolewa, wakikataa kusimulia. Wawili zaidi walirudi mwezi wa tatu. Jean-Berchmans na mwenzake mmoja hawakurudi, na hatukuambiwa wako wapi.

Révérien alikwenda kwa Cécile, akaketi chini kwenye vumbi mlangoni. Cécile akamletea kigoda. Hakumlaumu hata kwa neno moja, na nadhani hilo ndilo lililomvunja. Alirudisha kipaza sauti komini siku hiyo, kisha akapita kwangu akasimama mbele ya cherehani.

"Ni mimi nilimuita, Mama Annick," aliniambia. "Na jina yake yote. Sitaita mutu tena, kabisa."

Nilimwambia kosa si lake. Sikuwa na hakika, lakini mtu unamwambia nini?

Mwezi wa sita mwaka 1991 ruhusa ya vyama vingi ilitolewa, na kila chama kikaja na kofia zake na bendera zake kumtaka Révérien. Aliwapa wote jibu moja, kwamba yeye ni mnadi wa mitumba, siasa haijui. Walikasirika, wakatafuta wengine. Kisha Agosti 1993 mkataba ukatiwa saini Arusha. Kwa mujibu wa mkataba ule bunge jipya lingegawiwa vyama, kila chama na viti vyake, bila kura, bila orodha, bila jimbo. Jimbo letu likafa bila matanga. Mimi nilifurahi, nakuambia kweli. Nilidhani na ile habari ya kuitwa majina imezikwa pamoja nalo.

Lakini kulikuwa na Clovis. Clovis alikuwa mtoto wa nyumbakumi wetu, na kaptura zake za shule nilizishona mimi, nikiacha upindo mrefu kwa sababu alikuwa anakua haraka. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kiongozi wa vijana wa chama kimoja, na vijana hao walifanya mazoezi na marungu jioni. Gitega ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita kaskazini, wapangaji walihama kila mwezi, na hakuna tena aliyejua nani analala nyuma ya mlango upi. Clovis akibisha, watu walizima redio na kukaa kimya. Alihitaji orodha mpya, na alijua ni mtu gani mmoja tu ambaye milango ingemfungukia.

Alikwenda kwa Révérien mwezi wa kumi na moja, na daftari la shule mkononi. Alimwomba kwa adabu, akimwita Muzehe, yaani Mzee, apige mwito mmoja tu kama wa mwaka 88, kwa usalama wa mtaa. Révérien aliomba siku moja ya kufikiri. Athanasie alikuja kunieleza haya. Kukubali ni kumpeleka Cécile na wengine kwa watu wa marungu. Kukataa ni kuitwa msaliti, na tulikuwa tumeshaona yaliyowapata walioitwa hivyo.

Kesho yake Révérien aliamka bila sauti.

Athanasie alimfunga shingo kwa kitambaa chenye majani ya mkaratusi, akatangaza kila mahali kwamba mumewe ana uvimbe wa koo. Hata karatasi ya daktari alikuwa nayo; sikumwuliza aliipataje. Sokoni Révérien aliacha mnada, akawa anakunja mitumba ya wenzake na kuonyesha kwa vidole. Mimi niligundua siku ya tatu, kwa sababu mtu mwenye uvimbe wa koo hamezi muhogo mkavu kwa namna ile. Sikusema. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Ile miezi ilikuwa ya hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya mambo madogo. Tuliogopa akikohoa. Tuliogopa akikanyaga mwiba. Alikuwa na mazoea ya kuota ndoto na kunadi usingizini, kwa hiyo Athanasie alimfunga kitambaa mdomoni kila alipolala, yeye mwenyewe akikaa macho. Alikonda mwanamke yule mpaka nikampunguzia gauni mara mbili. Mimi nilianza kuogopa hata kumtania Révérien, nisije nikamchekesha. Desemba ilipoisha askari wa upande wa pili wa vita waliingia mjini kwa mkataba, wakawekwa palepale bungeni, na wabunge wapya kila walipotakiwa kuapishwa tuliambiwa imeahirishwa. Watu walinunua makufuli. Cécile aliwapeleka watoto wake kwa shangazi yao kijijini Gahanga, akarudi peke yake kwa sababu ya nguo za wateja.

Siku moja Januari Révérien alikuwa ameketi kwangu akinisaidia kufumua pindo. Nilikuwa nimetia makaa kwenye pasi. Clovis akaingia peke yake, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya Annick, binti yangu. Kisha akachukua pasi kwa mpini, akaipima uzito.

"Mama Annick, hii pasi iko moto?"

Nilimwambia ni moto, aiweke chini. Hakuiweka. Alichukua mkono wa kushoto wa Révérien kama mtu anayesalimia, akaugeuza kiganja chini juu ya meza yangu, akauwekea pasi mgongoni mwa kiganja. Muda wote alikuwa akimtazama mdomo. Niliona shingo ile ndefu ikivimba, mishipa ikasimama, mdomo ukafunguka wote, na haikutoka sauti. Ilitoka hewa tu. Mimi nilipiga kelele. Révérien hakupiga.

Clovis alirudisha pasi mahali pake taratibu. Akasema kumbe kweli Muzehe ni mgonjwa, apewe pole, akaondoka. Révérien aliinamisha kichwa juu ya vitambaa vyangu akalia, na hata kilio hicho hakikuwa na sauti. Nilimpaka asali, na nikaona nguo yangu imelowa. Nilikuwa nimejikojolea. Sioni aibu kulisema, nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Baada ya hapo walimwacha. Tukaanza kudhani tumeshinda.

Februari tarehe ishirini na moja waziri mmoja aliuawa mjini, kesho yake kiongozi wa chama kingine akauawa huko kusini, na Kigali ikafunga milango. Hakuna soko, hakuna gari, moshi mitaa fulani. Tarehe ishirini na tatu, saa tisa mchana, uchochoro wetu ulikuwa mtupu kabisa. Wote tulikuwa ndani, makomeo yametiwa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na Annick, nikichungulia kwenye upenyo wa ubao.

Révérien alikuwa juu ya paa lake. Mvua ya usiku ilikuwa imesogeza bati, na mabati hayangoji siasa. Kutoka juu kule aliona kitu ambacho sisi hatukukiona: vijana saba wanashuka kutoka barabara kuu, wakiambaa ukuta, Clovis mbele, marungu yakiwa chini ya makoti. Na aliona uani kwa Cécile, ambako Cécile alikuwa ameinama kwenye beseni akifua, redio ikiimba pembeni. Nyumba ya Cécile ilikuwa na mlango wa nyuma uliotokea kwenye mfereji. Mfereji ule ulishuka mpaka kijitoni, na kutoka pale mtu angeweza kufika popote. Cécile alihitaji dakika mbili tu. Alihitaji mtu amwambie.

Nimewaza mara nyingi alivyokuwa juu ya lile bati, na mkono wake uliobabuka. Alikuwa ameificha ile sauti miezi mitatu, ameinyamazia mpaka kwenye moto, ili asimtoe mtu. Sasa aliweza kunyamaza akamtazama Cécile akiuawa, au kusema akauawa yeye. Sidhani alichagua. Aliogopa kwa ajili ya Cécile, basi.

"Mukandayisenga Cécile!"

Sijui kwa nini aliita hivyo. Angeweza kusema Mama fulani, angeweza kusema wewe jirani. Lakini mtu aliyeita majina miaka yote ile huita kwa njia anayoijua, na lile jina lilitoka kamili, la Kinyarwanda mbele na la ubatizo nyuma, likapita juu ya mabati yote ya Gitega bila kipaza sauti. Baada yake alipiga kelele, "Kimbia! Kupitia nyuma, kimbia!" Hayo nayo aliyasema. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Lakini wakati nayasikia nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshavuta sanduku, nimeshatoa kadi. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo kabla sijafikiri lolote, na Annick alinishika sketi akiniuliza naenda wapi, nami nikamwambia tunaitwa.

Milango ilifunguka juu mpaka chini. Wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, wapangaji ambao sikuwahi kuwaona, wakijifunza kwetu papo hapo, wale waliokuwa wamejificha tangu jana kwenye nyumba za watu. Wote barabarani, mstari mmoja ukutani, kadi kifuani. Na Cécile alitoka kwenye lango lake la mbele, povu la sabuni mpaka viwikoni, kadi imelowa, akasimama mahali pake.

Wale vijana walisimama. Walikuwa wamekuja kutafuta mlango mmoja uliofungwa katika uchochoro mtupu, na sasa walitazamwa na watu arobaini. Mmoja alirudisha rungu ndani ya koti. Nilidhani, kwa muda mfupi sana, kwamba Révérien ametuokoa.

Clovis ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoa daftari mfukoni na kalamu, akaanzia juu. Alisoma kadi moja moja, polepole, akaandika jina, nyumba, na ule mstari wa kabila. Aliuliza wageni wamelala kwa nani, akaandika na hilo. Hakumgusa mtu. Alipofika kwangu nilimpa kadi, nayo ilikuwa na neno lililokuwa salama, Mhutu. Ndiyo maana niko hai nasimulia, si kwa ujasiri wangu. Alipofika kwa Cécile alikausha kadi yake kwa mkono wa koti kabla ya kuandika.

Kisha akamtazama Révérien juu ya paa.

"Merci, Muzehe," alisema. "Tulikuja kwa mutu moja. Wewe umetutolea quartier yote, mtaa muzima."

Daftari lile nililiona tena Aprili, mauaji ya nchi nzima yalipoanza, na wakati huo halikuhitaji mtu wa kuita. Lilitembea nyumba kwa nyumba. Révérien na Athanasie walikuwa wa kwanza, ingawa kadi zao zilikuwa kama yangu. Sitasimulia Aprili. Nasimulia ile alasiri, kwa sababu watu wakiniuliza jimbo letu la zamani lilikuwa nini, hilo ndilo jibu nililonalo.

Vijana walipoondoka hatukujua la kufanya. Tulibaki ukutani. Révérien alishuka kwenye paa, akaja mpaka mbele ya Cécile. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, ilikuwa ndogo.

"Nilisema ukimbie. Kwa nini haukukimbia?"

Cécile alikuwa bado ameishika kadi kifuani. Alimtazama kama mtu anayetafuta alipokosea.

"Uliniita," alisema. "Si nimekuja?"

Na sisi wengine tulikuwa bado tumesimama, kadi mikononi, tukingoja aseme tunaweza kurudi ndani.